Nilisema Nitakuja Jumamosi

Kamati ya kitabu hiki iliniomba niandike juu ya ahadi. Nafikiri walitarajia niandike juu ya ahadi za ndoa, kwa kuwa nimewafunda mabinti wengi katika Umoja wa Akina Mama, au juu ya ahadi za ubatizo. Nilijaribu. Niliandika kurasa mbili nikazichana. Kila nilipoandika neno ahadi lilinijia jambo moja tu, na ni jambo ambalo kanisani kwetu hatulitaji ila kwa kulilaani. Naomba wasomaji mnivumilie. Mimi si mwanatheolojia. Ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi Temeke kwa miaka 31, na miaka 12 ya mwisho nilikuwa katika kliniki ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Kulikuwa na kijana katika kwaya yetu aliyeimba sauti ya tatu. Sitamtaja jina, wala sitampa jina la bandia, kwa sababu utakayoiona huko mbele. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya, naye ndiye aliyemfundisha noti tangu akiwa na miaka 11, kwenye kibaraza chetu pale Tandika. Mama yake alikuwa amefariki na baba hakujulikana alipo. Jumapili baada ya ibada alikula kwetu. Alijua ni kikombe gani changu na ni kiti gani cha mzee, na alijua kunyamaza mzee anaposikiliza taarifa ya habari.

Mwaka 2014 nilimkuta kwenye foleni ya kliniki yetu. Aliponiona aligeukia ukutani. Nilimpita kama simjui, ndivyo tulivyofundishwa kazini, lakini jioni alikuja nyumbani mwenyewe. Mzee alikuwa mazoezini. Aliketi jikoni, akaniambia ameambukizwa, kisha akaniambia na lile la pili, kwamba tangu utoto wake hajawahi kuvutwa na wasichana. Nilifanya nilichokijua. Nilimwambia tufunge siku tatu, tuombe. Akanijibu kwa upole, "Mama, mimi nimefunga tangu kidato cha pili." Sikuwa na la kusema. Nikampikia chai.

Niseme mapema, ili msomaji asiyasome maneno yangu kwa kuvizia, kwamba sikuja hapa kubishana na mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa. Nilifunga ndoa mbele ya madhabahu, nikaishi na mume mmoja mpaka nikamzika, na ninayaamini yale niliyofundishwa. Ila kliniki ilinionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na hakika kabisa juu ya ndoa, na bado akaivunja amri ya kumpenda jirani kabla ya chai ya saa nne. Nimemwona mtu huyo. Mara nyingi alikuwa amevaa gauni langu jeupe.

Nitoe mfano mmoja, halafu nirudi kwa kijana. Alikuwapo mgonjwa mwingine, aliyekuja amejifunga khanga na kujitanda vizuri, sauti laini, kucha zimepakwa rangi. Yeye alijihesabu mwanamke, na majirani zake walimwita hivyo. Lakini jina kwenye faili lilikuwa la kiume. Siku ya kwanza nililisoma kwa sauti kubwa koridoni, kama tunavyosoma yote, akasimama, na benchi zima likacheka. Hata mimi nilitabasamu. Alichukua dawa zake bila kuniangalia. Baadaye nilimwambia kwamba tangu siku hiyo nitamwita kwa namba ya kadi. Hiyo ahadi niliitimiza mara zote nilizokuwa zamu. Wenzangu hawakuitimiza, na nami sikuwaambia waitimize. Wakati fulani aliacha kuja, na katika rejista tukamwandika mtoro.

Hapo nataka kusema kidogo juu ya neno, maana maneno nayo yana historia. Mimi nilizaliwa pwani, na bibi zetu walipoitana shoga hawakumaanisha chochote kibaya. Shogangu alikuwa rafiki yangu wa kike, yule unayemwita mkasukane. Siku hizi neno hilo limekuwa jiwe la kurushia watu, na kina mama wa rika langu tunalikwepa hata tukiwa peke yetu. Sijui nani alituchukulia neno letu. Najua tu kwamba sasa nikiliandika mkono unasita.

Sasa nirudi kwenye ahadi za wakubwa, maana ndiko nilikojifunza.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Waingereza ndio walioiweka katika Kanuni ya Adhabu, ikakataza kile wanachokiita kujamiiana kinyume cha maumbile. Mwaka 1998, wakati wa Rais Mkapa, Bunge lilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana. Wanawake wa nchi hii, TAMWA wakiwa mbele, walikuwa wameipigania kwa ajili ya wasichana wetu waliokuwa wakibakwa na kukeketwa, na wengine tuliokuwa wauguzi tuliwaombea, maana waliobakwa tuliwashona sisi. Ndani ya sheria hiyo hiyo adhabu ya jambo hili ilipandishwa mpaka kifungo cha miaka 30 au maisha. Sikumbuki kama mmoja wetu alikisoma kifungu hicho. Tulishangilia vile vingine.

Lakini serikali hiyo hiyo ilituahidi mambo mengine pia. Katiba ya 1977, katika ibara ya 12, inasema binadamu wote ni sawa na kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na nyumba yake. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa mtu mwenye virusi. Na katika mipango ya kupambana na ugonjwa, wizara yetu iliandika wazi kwamba wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wapewe huduma kama wengine, kwa sababu virusi haviulizi cheti cha ndoa. Tulipewa mafunzo. Tulipewa na posho ya mafunzo. Mimi niliporudi nilimwambia yule kijana, "Sasa unaweza kuja bila wasiwasi, serikali imesema." Nilimwahidi kwa jina la serikali. Nani alinituma?

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2016, vilipopigwa marufuku vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa kwa kinga. Februari 2017 wizara ilitangaza kusimamisha huduma za UKIMWI kwa makundi hayo katika vituo 40 vya binafsi, kwa maelezo kwamba vinahamasisha ushoga. Mwezi huo huo naibu waziri wa afya alisema angechapisha orodha ya wanaume wanaojiuza mitandaoni. Baadaye akaahirisha na orodha haikutoka. Oktoba mwaka huo watu 13 walikamatwa kwenye mkutano hotelini hapa Dar es Salaam, wakiwamo wanasheria waliokuwa wakijadili namna ya kwenda mahakamani kuhoji kufungwa kwa huduma. Kwenda mahakamani, jamani, si kuvunja duka.

Halafu ikaja Jumatatu, tarehe 29 Oktoba 2018. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, aliita waandishi wa habari akatangaza kwamba ameunda kamati ya kuwasaka mashoga, na kwamba kazi ingeanza wiki inayofuata. Aliwaomba wananchi watume majina. Alisema anajua mataifa ya nje yatakasirika, ila ni heri wakasirike wao kuliko kumkasirisha Mungu. Siku chache baadaye alisema amekwisha kupokea maelfu ya ujumbe na majina zaidi ya 100.

Ndugu zangu, maelfu ya ujumbe hayakuandikwa na mkuu wa mkoa. Tuliandika sisi. Yaliandikwa Mbagala, Mwananyamala, Tandale, Yombo na Tegeta, kwa simu hizi tunazotumia kupokea mistari ya Biblia asubuhi. Ndiyo maana simpi yule kijana jina, hata la bandia. Mwaka ule majina yalitosha.

Jumapili iliyofuata, tarehe 4 Novemba, katika maombi ya watu wote, mmoja wetu alimshukuru Mungu kwa kutupa viongozi wenye hofu ya Mungu. Nilisema amina. Kijana hakuwepo kwenye mstari wa sauti ya tatu. Mume wangu aliangalia kiti chake mara mbili wakati wa zaburi, kisha akaendelea kuongoza.

Siku ile ile, sisi tukiwa tunarudi makwetu, Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa. Ilisema maneno ya mkuu wa mkoa yalikuwa mawazo yake binafsi na si msimamo wa serikali, na kwamba Tanzania itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoisaini. Usiku wa kuamkia taarifa hiyo wanaume kumi walikuwa wamekwisha kukamatwa huko Pongwe, Zanzibar, kwa kudhaniwa kuwa walikuwa kwenye harusi. Katikati ya mwezi Denmark ilizuia msaada wa kroni milioni 65. Benki ya Dunia nayo ilikuwa imesimamisha safari za maofisa wake kuja kwetu, kisha ikasema imepewa hakikisho na serikali kwamba hakutakuwa na kusumbua wala kukamata watu kwa sababu hiyo.

Nimeifikiria sana wiki ile. Kulikuwa na ahadi mbili kutoka nyumba moja. Kwa wananchi tuliahidiwa msako. Kwa mabenki na mabalozi waliahidiwa kwamba hakuna msako. Ya kwanza ilisemwa kwa Kiswahili kwenye redio, mbele ya kila kibanda cha chipsi. Ya pili iliandikwa kwa wenye fedha. Msako mkubwa kama ulivyotangazwa haukufanyika, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini ile ya pili nayo haikutimia, maana hakuna aliyekuja kwenye foleni yetu kusema, "Rudini, mko salama." Nilisoma taarifa ya wizara kwenye simu ya mjukuu. Wagonjwa wangu wengi hawakuisoma kabisa. Ripoti ya Human Rights Watch iliyotoka Februari 2020 ilieleza kwamba marufuku yalikuwa bado yapo, na watu bado wanaogopa kwenda hospitali. Kwangu halikuwa jipya, nilikuwa naona benchi.

Bwana Yesu alisimulia habari ya baba aliyewaambia wanawe wawili waende shambani. Mmoja alisema siendi, akaenda. Mwingine alisema naam bwana, asiende. Nimefundisha habari hiyo shule ya Jumapili mara nyingi, na siku zote niliwaweka wanasiasa mahali pa yule wa pili. Ni rahisi kuwaweka wanasiasa.

Jumanne, tarehe 6 Novemba, ilikuwa siku yake ya kuchukua dawa. Hakuja. Alhamisi nilimpigia. Alipokea mara ya tatu, akiongea chini chini. Alikuwa amehamia kwa binamu yake ndani ndani ya Mbagala. Kijana mmoja wa mtaani kwao alikuwa amemtania mbele ya watu kwamba jina lake limeshatumwa. Labda ulikuwa utani tu. Alisema hawezi kukaa kwenye benchi la kliniki ambapo kila mtu anamwona. Mimi nilikuwa nimeandikishwa kwenye kadi yake kama msaidizi wake wa matibabu, kwa hiyo niliruhusiwa kumchukulia. Nikamwambia, "Mwanangu, Jumamosi nitakuja. Nitakuletea dawa na maandazi." Akasema, "Asante mama. Nitakusubiri kituoni Rangi Tatu saa tano."

Jumamosi saa nne nilikuwa stendi ya Tandika na kopo la dawa ndani ya mkoba, limefungwa kwenye kitambaa lisilie. Maandazi yalikuwa ya moto. Akaja mama mmoja wa kanisani, mwenye maneno, naye anakwenda Mbagala msibani. Akaniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa mtu. Akacheka akasema, "Mama Kwaya, na ninyi kwenye kwaya yenu hamna jina la kutuma?" Nadhani hakujua lolote. Lakini niliona namna tutakavyoshuka pamoja, na yule kijana akinisubiri kituoni, na namna atakavyomwangalia. Nikasema nimesahau kitu nyumbani. Nikarudi. Maandazi waliyala wajukuu.

Jumamosi ya pili kulikuwa na harusi. Ya tatu nilijiambia pengine amekwisha kupata dawa kwingine. Baada ya hapo sikuhitaji tena sababu. Aibu yenyewe ilitosha kunizuia. Hakupiga simu kunidai.

Petro alikana kwa sababu ya kijakazi mmoja uani. Zamani niliona ni jambo la kushangaza, mwanamume mzima na upanga wake. Sasa sishangai.

Alirudi kliniki Machi 2019. Alikuwa amekonda, anakohoa, na vipimo vikaonyesha kifua kikuu. Aliponiona alisema, "Shikamoo mama," kama siku zote. Nikasema marahaba, nikamwandikia faili, nikampima uzito. Kilo 46. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na maneno yote mdomoni lakini nyuma yake palikuwa na watu 19 kwenye foleni, na mimi nilijificha nyuma ya foleni hiyo. Alipona, Mungu ni mwema. Ila hakurudi kwenye kwaya. Kasisi wetu aliniuliza siku moja amekwenda wapi yule kijana mwenye sauti nzuri, nikasema amehama.

Niseme na la Kanisa, maana si haki kuwasema wakubwa wa serikali halafu niwaache wa kwetu. Mwaka 1998, mwaka ule ule wa sheria yetu, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Lambeth. Walisema ndoa ni ya mume na mke, na kwamba matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Hilo kila mtu kanisani kwetu analijua. Lakini katika azimio hilo hilo waliahidi kusikiliza maisha ya watu hawa, wakataka wahakikishiwe kwamba Mungu anawapenda, na wakalaani kuwaogopa bila sababu. Hilo sijawahi kulisikia likisomwa kwenye mimbari yoyote ya Temeke. Mwaka 2005 maaskofu wakuu walisema kwamba kuwaonea watu hawa na kuwashusha utu ni chukizo kwao. Na Februari 2007 maaskofu wakuu hao walikutana hapa hapa kwetu, hotelini kwenye fukwe za kaskazini ya Kinondoni, na Jumapili wakavuka kwenda Zanzibar kusali katika Kanisa Kuu la Kristo, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Tuliwaombea. Wanakwaya walizungumza wiki nzima juu ya boti na makofia ya maaskofu. Kijana wangu wakati huo alikuwa na miaka 15, ameketi pembeni ya mume wangu akiandika noti. Hakuna aliyekuja kumsikiliza, na sidhani kama hata mmoja wetu alijua kwamba tulikuwa tumeahidi kusikiliza.

Mwaka 2023 Papa Fransisko alisema kuwa hivyo si kosa la jinai, hata kama Kanisa linaona matendo yenyewe ni dhambi. Na akirudi kutoka Sudan Kusini, ndani ya ndege, Askofu Mkuu wa Canterbury Justin Welby na kiongozi wa Kanisa la Scotland waliokuwa naye walikubaliana naye. Wakubwa watatu wa makanisa matatu, angani. Mimi nilijiuliza wakishuka chini nani atalibeba neno hilo mpaka Tandika.

Hata wa nje hawakutimiza. Februari 2021 Rais Biden wa Marekani aliandika kwamba nchi yake itatetea haki za watu hawa duniani kote. Januari 2025 aliyemfuata alisimamisha misaada, na wenzangu niliowaacha kazini wakaniambia kwamba wahudumu waliokuwa wanalipwa na miradi hiyo wameambiwa wabaki nyumbani, hata wale waliokuwa wanawafuata watoro mitaani. Nilimsikiliza jirani yangu akishangilia kwamba fedha za ushoga zimekatwa. Dada yake anameza dawa hizo hizo kila usiku saa tatu. Labda kosa letu lilikuwa hapo mwanzoni, kukubali jambo la utu wa jirani zetu liwe jambo la wafadhili, liletwe na fedha na liondoke na fedha. Zaburi inatuonya tusiwategemee wakuu, na sikumbuki kuona mahali inaposema isipokuwa wakuu wa Ulaya.

Kuna sehemu ya Isaya, sura ya 56, ambayo katika Umoja wa Akina Mama tuliisoma mwaka jana kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa kwenye kalenda. Mungu anawaahidi matowashi, watu waliozuiwa na torati kuingia katika kusanyiko, kwamba atawapa jina ndani ya nyumba yake, jina jema kupita la wana na binti. Jina. Kina mama walianza kuuliza towashi ni nani hasa, wengine wakaona haya, na mwenyekiti akataka tuendelee. Mimi nilibaki hapo. Nilimkumbuka yule wa khanga, na namna nilivyolisoma jina lake koridoni.

Mume wangu alifariki mwaka 2021. Miaka mingi nyuma, wakati wa mzaha baada ya chakula, alikuwa amemwambia yule kijana, "Siku nikifa usiniletee wale wa kuimba na spika. Uniimbie wewe, sauti ya tatu, ule wimbo wangu." Kijana akasema ataimba. Sote tulicheka. Sikumpa taarifa ya msiba. Nitasema nilichanganyikiwa, na ni kweli, lakini nilimpa taarifa hata mtu aliyewahi kututengenezea bomba.

Makaburini kwaya ilipoanza ule wimbo, ilikosa kitu, wenye masikio walisikia. Ubeti wa pili sauti ya tatu ikaingia kutoka nyuma, kwenye mwarobaini karibu na ukuta. Sikugeuka. Nilijua. Kwaya nzima ilinyooka, kama inavyonyooka mwalimu akiingia. Aliimba mpaka mwisho, na watu walipoanza kushika udongo alikuwa amekwisha kuondoka. Mtoto mmoja wa kwaya akaniuliza, "Bibi, yule alikuwa nani?" Nikamwambia, "Ni mwanafunzi wa babu."

Jumamosi baada ya matanga nilipanda daladala ya Mbagala. Nilikuwa na maandazi na sikuwa na la kuficha ndani ya mkoba. Kituoni nilimpigia, akaja mwenyewe kwa miguu, amevaa kofia ameishusha mpaka machoni. Kabla ya shikamoo aliangalia nyuma yangu, kulia na kushoto.

"Mama, umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akachukua kikapu. Tukatembea mpaka kwake, yeye mbele kidogo na mimi nyuma, kisha pale njia ilipopanuka tukaenda sambamba. Msamaha nilimwomba tukiwa tumekaa, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunisaidia hata neno moja. Kisha akainuka kuchemsha maji. Nimekwenda mara nyingi tangu siku hiyo. Jumamosi nyingine hunipokea vizuri, nyingine ananipa kiti na kuendelea kufua. Kwaya bado hajarudi, na mimi bado sijamwambia kasisi kwamba hakuhama.